Sura ya Sita: Kadhi, Hakimu wa Kuridhiwa

Mfanyabiashara wa Biashara Street anayedaiwa shilingi 600,000 za marobota ya leso hawezi kushtakiwa kwa kadhi. Hata kama mdai ni Mwislamu na mdaiwa ni Mwislamu, wanaswali safu moja kila Ijumaa, na deni lao waliliandika mbele ya mashahidi kama Qurani inavyoagiza, kadhi akiletewa shauri hilo hana budi kulikataa. Atawaelekeza kwenye mahakama nyingine. Lakini mwenye duka la mkabala akifariki leo, mali yake yote, kuanzia shehena iliyo stoo hadi akaunti ya benki na pea za leso zilizobaki kwenye rafu, inaweza kugawanywa na kadhi huyohuyo, na hukumu yake ikawa na nguvu sawa na ya hakimu yeyote wa daraja lake nchini Kenya.

Watu wengi wa Mombasa wanaijua tofauti hii kwa mazoea. Wanajua kwamba ndoa, talaka na mirathi ni "mambo ya kwa kadhi", na kwamba deni la biashara lina mlango wake mwingine. Wachache wanajua ni nani aliyeuchora mpaka huo, lini, na kwa nini. Sura hii inalifuata neno *kadhi* kutoka lilikotoka hadi lilipofika, kwa sababu historia yake inatuonyesha jambo ambalo kila anayeingia katika korti hiyo anapaswa kulijua: leo, nguvu ya kadhi juu yako inatokana na ridhaa yako mwenyewe.

Mtaa wa leso

Tuanze na mahali. Biashara Street inakutana na Digo Road si mbali na soko la Marikiti, na Mji wa Kale uko hatua chache tu kutoka hapo. Hapa ndipo watu wa kisiwa hiki, na wa Pwani nzima, wanapokuja kununua leso, vikoi na vitambaa. Leso huuzwa mbili mbili zikiwa bado hazijakatwa. Ukishanunua unampelekea fundi aliyekaa na cherehani yake karibu na duka, anazikata, anapinda ncha, na unaondoka nazo zikiwa tayari kuvaliwa. Anayeozesha binti hutafuta kisutu, leso ya mauzo mengi ya miaka yote, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi hakosi kuwa nayo.

Kampuni ya leso ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo wanawake wa Pwani wanaijua kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ilianza mwaka 1887. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Sultani Barghash wa Zanzibar aliwapa wafanyabiashara wa Kiingereza ruhusa ya kusimamia pwani yake ya bara. Kwa hiyo wakati kampuni hiyo inauza nguo zake za kwanza, kadhi wa Mombasa alikuwa bado kadhi wa Sultani. Hakuwa hakimu wa ndoa na mirathi peke yake. Aliamua pia habari za mauzo, rehani na madeni, na watu wakikopeshana walikuwa na waraka wa maandishi ambao kadhi aliutambua na kuutolea hukumu. Mwenye marobota yake asiyelipwa angeweza kwenda kwake.

Ili kuelewa jinsi shauri la nguo lilivyomtoka kadhi na shauri la ndoa likabaki, inatubidi kurudi nyuma zaidi.

Mwenye kumaliza jambo

*Kadhi* ni neno la Kiarabu. Asili yake ni kitenzi *qadha*, chenye maana ya kuamua, kutimiza, kulimaliza jambo lililokuwa halijamalizika. Jamaa zake tunao mdomoni kila siku. Anayeitunza nyumba yake *anakidhi* mahitaji yake. Mgonjwa aliyekula mchana wa Ramadhani hulipa *kadha* baadaye, yaani hutimiza kilichobaki. Jambo lenye utata linalosubiri uamuzi huitwa *kadhia*. Na Mwislamu akifikwa na msiba hutaja *kadha na kadari*, amri iliyokwisha kupita. Katika ukoo huu wote maana ya shina ni moja: kilichoning'inia kimefikishwa mwisho.

Maneno mengine ya korti yana ukoo tofauti. *Hakimu*, *hukumu* na *mahakama* yametoka kwenye shina moja na *hekima*. *Korti* imetoka kwa Waingereza. Watu wa Mombasa wanaposema "korti ya kadhi" wameziweka pamoja tawala mbili zilizopita juu yao, na wote wanaelewana bila kufikiria.

Katika dola za mwanzo za Kiislamu, kadhi alikuwa naibu wa mtawala. Khalifa au gavana ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuhukumu. Kwa kuwa hakuweza kusikiliza kila ugomvi, alimteua mwanachuoni asikilize kwa niaba yake. Hilo ndilo lililomtofautisha kadhi na mufti. Mufti huulizwa na kujibu, na jibu lake linaweza kufuatwa au kuachwa. Kadhi husikiliza pande mbili, hupima ushahidi, kisha huamua, na uamuzi wake unafunga kwa sababu nyuma yake iko dola. Huko Baghdad, Khalifa Harun al-Rashid alimpa Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 798), mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, cheo cha *qadhi al-qudhat*, kadhi wa makadhi. Cheo cha Kadhi Mkuu tunachokijua Kenya kimetokana na desturi hiyo.

Neno lilisafiri na dola zilizolibeba, na kila nchi ikalitia katika sura yake. Andalusia lilibadilika likawa *alcalde*, na leo katika Kihispania mtu huyo ni meya wa mji, hana habari na talaka za watu. Ng'ambo ya bahari ya Istanbul liko jina la Kadıköy, kijiji cha kadhi. Wahausa wanamwita hakimu wao *alkali*. Hii inatufundisha kwamba jina peke yake halisemi kadhi anaweza kuamua nini. Hilo husemwa na aliyemweka.

Kwenye pwani yetu ushahidi wake ni wa zamani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa na kadhi mwenye asili ya Misri, aliyekuja ufukweni na wanafunzi wake kumchukua na kumpeleka kwa Sultani wa mji huo. Kutoka huko msafiri alilala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea na safari hadi Kilwa. Kwa hiyo kadhi si mgeni aliyeletwa na Waarabu wa Oman katika karne ya 19, wala hakuzuliwa na Waingereza. Miji ya Waswahili ilikuwa na makadhi kabla Wareno hawajajenga Fort Jesus mwaka 1593.

Kadhi wa Sultani, kadhi wa Mwingereza

Seyyid Said, Sultani wa Oman, aliitwaa Mombasa kutoka kwa ukoo wa Mazrui mwaka 1837. Tangu hapo mji ulikuwa na liwali, mwakilishi wa Sultani, ambaye jina lake ni *al-wali* ya Kiarabu iliyoganda katika matamshi yetu. Chini yake walikuwapo mamudir, yaani watawala wa miji midogo, na makadhi wa kuhukumu. Watawala wa Oman walikuwa Maibadhi na wenyeji wengi ni Mashafii, na Zanzibar kila madhehebu ilikuwa na makadhi wake.

Mwezi Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, alifika Mombasa akawaahidi wakubwa wa mji kwamba dini yao na sheria yao vitaheshimiwa. Tarehe 14 Desemba 1895 alitiliana sahihi mkataba na Sultani Hamed bin Thuwaini wa Zanzibar. Ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Mombasa, ungeendelea kuwa mali ya Sultani na bendera yake ingepepea, lakini ungetawaliwa na Waingereza. Hapo kadhi alipata bwana mpya bila kubadilisha jina.

Waingereza hawakumwondoa. Walimpa nafasi kwenye ngazi yao. Sheria ya Mahakama ya 1907 iliziweka korti za liwali, kadhi na mudir miongoni mwa mahakama za chini kwa ajili ya Waislamu, na juu yao wakakaa majaji wa Kiingereza. Jengo la korti ya zamani lililo karibu na Fort Jesus, lililojengwa mwaka 1902, limebaki kama ushahidi wa enzi hiyo, ingawa siku hizi watu huingia humo kutazama maonyesho ya makumbusho.

Shauri la nguo liliondoka mikononi mwa kadhi katika kipindi hiki. Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza, ambao ndio waliokuwa mhimili wa biashara ya nguo, tangu karne ya 19 walikuwa chini ya konseli wa Uingereza, si chini ya kadhi. Kisha, mwaka 1897, Waingereza wakaleta katika himaya sheria za India, ikiwamo sheria ya mikataba ya mwaka 1872. Tangu hapo Mwislamu wa Mji wa Kale akikopa nguo kwa Mhindi, au kwa Mwislamu mwenziwe, mkataba wao ulipimwa kwa kitabu cha sheria kilicholetwa kutoka India. Vitabu vya fiqhi, yaani vya sheria ya Kiislamu, vina milango mirefu ya mauzo, ushirika, rehani na dhamana. Milango hiyo wanafunzi wa madrasa wanaisoma mpaka leo, lakini kortini ilifungwa. Mkoloni aliona biashara ni jambo la dola, na familia ni jambo la dini. Kadhi alibakishiwa familia.

Kupungua huko hakukuwapunguzia heshima wenye cheo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alikuwa pia mwandishi. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la *Al-Islah*, akiwahimiza Waislamu wa Pwani wasome, wajisahihishe, na wasingoje wengine wawafikirie. Mtu akimsoma anaona kadhi aliyeelewa kwamba mipaka ya korti yake ni midogo kuliko mahitaji ya watu wake, akatumia kalamu kufika mahali ambapo hukumu haifiki.

Barua za Oktoba 1963

Uhuru ulipokaribia, swali la maili kumi liliwaka. Wako Waswahili na Waarabu wa Pwani waliotaka ukanda ujitenge au urudi Zanzibar. Wako Wakenya, wa Pwani na wa bara, waliotaka nchi moja. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, huku Waislamu wakipewa dhamana juu ya dini na korti zao.

Dhamana hiyo iliandikwa katika barua. Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua London. Kenya iliahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa wakati wote, katika masuala ya sheria ya Kiislamu yanayohusu hadhi ya mtu, yaani ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu. Siku tatu baadaye, tarehe 8 Oktoba, mkataba ukatiwa sahihi na Sultani akaachia ukanda.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa. Upande mmoja wa barua ukatoweka, lakini ahadi haikutoweka, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuingia katika katiba ya Kenya. Liwali na mudir walifutika pamoja na utawala wa zamani. Kadhi alibaki. Mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11 ya sheria za Kenya, na korti hizo zikaruhusiwa kuvuka maili kumi na kuingia bara. Leo mtu anakwenda kwa kadhi Nairobi, Garissa, Isiolo au Kisumu. Mapinduzi yaleyale ya Zanzibar yalichangia kumleta Mombasa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanachuoni aliyeitafsiri Qurani kwa Kiswahili, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Neno lililoongezwa 2010

Kwa zaidi ya miaka arobaini ahadi ilikaa kimya ndani ya katiba. Kelele zilizuka wakati wa kuandika katiba mpya. Mwaka 2004 kundi la viongozi wa makanisa lilikwenda Mahakama Kuu kupinga kuwapo kwa makadhi katika katiba, likisema ni upendeleo kwa dini moja. Tarehe 24 Mei 2010, majaji watatu waliwakubalia. Wiki kumi baadaye, tarehe 4 Agosti, wananchi walipiga kura ya maoni, na karibu asilimia 67 walisema ndiyo kwa katiba ambayo makadhi wamo ndani yake. Ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010.

Mjadala ule wa kisiasa ulikuwa mkali hata wengi hawakuona kilichobadilika katika maandishi yenyewe. Katiba ya zamani ilisema kadhi anasikiliza shauri ikiwa pande zote ni Waislamu. Kifungu cha 170 cha katiba mpya kinasema pande zote ziwe Waislamu *na ziridhie mamlaka ya korti ya kadhi*.

Ridhaa hiyo ilibadilisha msingi wa cheo chenyewe. Kadhi wa Baghdad alipata nguvu kutoka kwa khalifa. Kadhi wa Mombasa ya Seyyid Said alizipata kwa Sultani, wa 1907 kwa Mwingereza, wa 1963 kwa barua za mawaziri wakuu wawili. Katika hatua zote hizo, Mwislamu alikuwa chini ya kadhi kwa sababu ya kuzaliwa au kusilimu. Tangu 2010 dini yake haitoshi. Lazima aseme ndiyo. Mjane anaweza kuridhia, au akapeleka mirathi ya mumewe Mahakama Kuu. Kadhi, ambaye jina lake ni "mwenye kumaliza", hana pa kuanzia mpaka wenye shauri wamkubali.

Wako wanaosikitika kwamba huku ni kudhoofishwa. Mimi naona kinyume. Korti ambayo mtu anaweza kuiacha ni lazima istahili kuchaguliwa kila siku, kwa uadilifu wake, kwa wepesi wake, na kwa jinsi inavyomsikiliza aliye dhaifu. Hukumu ya aina hiyo hubebwa na watu wenyewe, hata baada ya serikali iliyotia sahihi barua kuanguka.

Ndani ya korti

Kadhi wa leo ni ofisa wa Idara ya Mahakama, ameteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na korti yake ni mahakama ya chini kama zile za mahakimu. Hawi imamu kwa sababu ya kuwa kadhi, wala fatwa haimo katika kazi yake. Mashauri yanayomfikia ni ya nyumbani: mke anayedai masurufu yaliyokatika, mume anayetaka talaka yake iandikwe, mke anayeomba ndoa ifasikhiwe (ivunjwe na korti) au anayetaka kujikhului (kujikomboa kwa kurudisha mahari), mahari isiyolipwa, na ndugu wanaogombana juu ya nyumba ya baba. Mara nyingi kadhi hujaribu kwanza sulhu, na kesi nyingi humalizikia hapo.

Sheria ya 1967 ina kifungu kimoja ambacho kila mwanamke anayeingia kwa kadhi anapaswa kukijua. Kifungu cha 6 kinasema mashahidi wote watasikilizwa bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kwamba ukweli utaamuliwa kwa kupima ushahidi unavyoaminika, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Anayemwambia mwanamke kwamba ushahidi wake ni nusu mbele ya kadhi wa Kenya hajaisoma sheria.

Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alikaa katika korti za makadhi za Pwani miaka ya 1980, na kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Alikuta kwamba wengi wanaofungua kesi ni wanawake, na wengi wao wanashinda. Nje, mwanamke aliyelelewa kuvumilia na kufunika aibu ya nyumba yake anatarajiwa kunyamaza. Ndani ya korti anatakiwa aeleze, na sheria inamlazimisha mume ajibu. Kwa wanawake wengi wa Mombasa, hapo ndipo sauti zao zilipoandikwa kwenye faili kwa mara ya kwanza.

Sasa turudi kwa yule mwenye duka aliyefariki, tufanye hesabu. Tuseme ameacha mali ya shilingi milioni 9. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni yake yote. Tuseme ni milioni moja. Kisha hutazamwa wasia, ambao hauwezi kuvuka theluthi ya kilichobaki, na hauwezi kumpa mrithi zaidi ya fungu lake bila warithi wenzake kukubali. Tuseme hakuna wasia. Zimebaki milioni 8. Ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wazazi wake walikwisha kufariki. Kwa kuwa kuna watoto, mke anapata thumuni, sehemu moja katika nane, yaani milioni 1. Milioni 7 zilizobaki zinagawanywa mafungu matano, kila mwana wa kiume mawili na binti moja. Kila mwana anapata milioni 2.8, na binti milioni 1.4. Mama wa marehemu angekuwa hai, angechukua sudusi, sehemu moja katika sita, kabla ya watoto kugawana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu uko kwenye kujua kilichopo. Duka la Biashara Street huwa na bidhaa ambazo hazijaandikwa popote, mkopo wa mdomo kwa binamu, na mtoto mmoja aliyekaa dukani miaka kumi bila mshahara na anaamini duka ni lake. Kadhi hawezi kugawa asichokijua. Familia ambazo baba aliandika madeni na mali zake humaliza mapema. Ambazo hakuandika hujikuta mbele ya kadhi mwaka baada ya mwaka.

Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, na sheria inataka Kadhi Mkuu, au makadhi wawili, akae pamoja na jaji kumshauri.

Yule mdai wa marobota, kwa upande wake, aende Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inawahusu wauzaji na wanunuzi wa bidhaa wanaodaiana hadi shilingi milioni moja, na inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Anaweza kwenda bila wakili.

Mpaka bado unasogea

Mamlaka ya kadhi hayakukwama 2010. Kifungu cha 24 cha katiba kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya makadhi, lakini kwa kiasi cha lazima tu. Lazima ni ipi? Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya, ikiamua kesi ya mirathi iliyoanzia Mombasa, ilisema watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu tu ya kuzaliwa kwao, maana kuwabagua hivyo hakukubaliki. Wanavyuoni wengi wamepinga, wakisema mahakama imeingia ndani ya mirathi yenyewe, ambayo mafungu yake yametajwa katika Qurani. Wengine wameona ni haki kwa watoto wasiochagua wazazi wao. Ninaheshimu uchungu wa pande zote mbili, na ninaamini jibu lenye kudumu litatoka kwa wanavyuoni na wanasheria wakikaa baraza moja, maana hakuna kati yao anayeweza kuumaliza mjadala huu peke yake.

Kwa mwananchi, somo ni la vitendo. Anayefungua shauri kwa kadhi amuulize karani, kabla ya kutia sahihi, kama wenzake wote wameridhia, na kama hawajaridhia ajue shauri linaweza kuvunjwa baada ya miaka ya kuhangaika. Anayeitwa kujibu asidhani lazima akubali, wala asikatae kwa hasira. Apime ni korti ipi itakayomfikisha kwenye haki yake mapema na kwa heshima. Anayefunga ndoa aisajili, na mahari iandikwe kiasi chake. Mwenye duka aandike madeni yake na ya watu kwake. Kadhi ana cheo kilichovuka karne nyingi na tawala nyingi ili kutufikia, na katiba imetupa sisi wenyewe uamuzi wa kumtumia. Anayekwenda kwake bila kujua hilo ameiacha haki yake ya kwanza mlangoni.